Hapa Hatufungi Milango

Siku Norma Pruchnik alipokuja kumwambia Rhonda kwamba kikosi cha zimamoto kitachezesha bahati nasibu ya bunduki ili kumchangia Brielle, Rhonda alidhani mama wa watu anatania. Akacheka hata. Alikuwa jikoni shuleni anasugua sufuria la makaroni, povu limempanda hadi viwikoni, na akamwambia Norma kwamba utani mwingine haupendezi mdomoni mwa mtu mzima. Norma hakucheka. Alifungua mkoba akatoa tangazo lililochapwa kwa rangi. Juu palikuwa na picha ya Brielle akiwa na kofia ya kumaliza shule, na chini yake bunduki za zawadi, zimepangwa kuanzia ndefu hadi fupi kama ndugu kwenye picha ya arusi.

"Tumetaka ulione wewe kwanza, mwanangu, kabla hatujalibandika," Norma alisema. "Picha tumeipata nzuri, sivyo?"

Na Norma alikuwa akisema kweli kutoka moyoni, ndiyo inayoudhi. Hawa si watu wabaya. Brielle alipolala hospitali, Norma alileta chakula mlangoni kwa Rhonda hadi friji ikakataa kufunga. Kanisa lilimwombea. Gene Fetterhoff, jirani wa ng'ambo ya barabara, alimwondolea theluji uani majira yote ya baridi bila kuombwa. Watu wa Brackney wana mioyo, tena mikubwa. Kinachowashinda ni kuunganisha jambo hili na lile lililo karibu yake.

Brielle ni mwana wa pekee wa Rhonda. Alikuwa na miaka kumi na tisa, akiuza kwenye duka la kituo cha mafuta pale njia panda ili apate ada ya chuo cha uuguzi, siku Tyler Mackey alipoingia amejifunika uso kwa skafu na kumwelekezea bastola. Tyler alikuwa mtoto wa palepale. Rhonda amemlisha kwenye foleni ya shule miaka na miaka, na alikuwa akipenda kuongezewa viazi. Vidonge vya kulevya vilikuwa vimemla hadi amebaki mifupa, akataka pesa za kwenye droo. Alifyatua mara moja tu. Risasi ilipita tumboni kwa Brielle ikaenda kukaa kwenye uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake ni mizigo miwili anayotembea nayo kwenye kiti cha magurudumu.

Tyler alikiri, kwa hiyo kesi haikusikilizwa, akaenda jela. Kuhusu bastola, polisi walisema iliibwa ndani ya gari. Gari la nani, hawakusema, na Rhonda hakuuliza. Hasira yake yote wakati huo alikuwa amempa Tyler.

Wala hakuna aliyeshangaa kusikia imeibwa kwenye gari. Brackney watu hawafungi magari. Huko kwenye milima ya Pennsylvania, ukifunga gari nje ya ukumbi wa zimamoto ni kama umewaambia majirani zako kwamba ni wezi, na watakutania mwaka mzima, wakikuuliza umeficha dhahabu gani humo. Baada ya Brielle pia hawakuanza kufunga. Walibandika utepe wa zambarau kwenye vioo vya magari, wakaandika jina lake kwenye utepe, wakaacha milango wazi vilevile.

Rhonda alilibeba tangazo la Norma hadi kwa kaka yake. Dwight ndiye mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, mtu mkubwa, mpole, asiyejua kukaa bila kumfanyia mtu kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Brielle hospitali kwa mazoezi. Gari la Rhonda lilikuwa bovu na dogo, kwa hiyo Dwight huja na pikapu yake ndefu, humnyanyua mpwa wake mikononi kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, humweka kwenye kiti, kisha hutupa kile kiti cha magurudumu nyuma. Brielle hufumba macho kila anapobebwa. Hafungui mpaka mlango ubamizwe.

"Mtoto amepigwa risasi, nanyi mnamchangia kwa bunduki," Rhonda alimwambia. "Angegongwa na gari mngechezesha gari?"

Dwight akammiminia kahawa. "Yule mtoto wa Hutnik aligongwa, na tulichezesha pikapu. Umesahau? Wewe mwenyewe ulinunua tiketi."

Alikuwa amenunua, ni kweli. Hilo lilimuudhi zaidi. Akasema pikapu haikutengenezwa kwa ajili ya kugonga watu. Dwight akasema bunduki nazo si kwa ajili ya kupiga watu, ni za kulungu, ni za kulinda nyumba, na baba yao aliwalea kwa nyama ya kulungu walipofunga kiwanda cha chuma, au hilo nalo amesahau. Wakarushiana maneno ya namna hiyo mpaka kahawa ikapoa. Mwisho Dwight akaja kwenye hesabu. Alisema kuuza keki hakuleti kitu. Watu watakula, watamhurumia mtoto, watarudi makwao. Bunduki ndizo zinajaza ukumbi, na Brielle anahitaji gari lenye lifti kabla ya chuo kufunguliwa.

Huo ulikuwa ukweli. Chuo kilikuwa mji wa pili, mwendo wa saa nzima, nacho kilikuwa kimemshikia Brielle nafasi yake hadi mwanzo wa muhula mpya na si zaidi. Bila gari la lifti hakuna chuo. Bila chuo ni chumba kile cha chini, dirisha lile, na mjomba kuja kukubeba kama mzigo mpaka uzeeke. Rhonda alimuuliza Brielle mwenyewe. Brielle akalikunja tangazo, akamrudishia.

"Kubali, mama," alisema. "Nimechoka kubebwa."

Basi Rhonda akakubali, na wakamwomba achomoe tiketi yeye mwenyewe jukwaani, kwa kuwa ni mama. Akakubali na hilo.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa Jumapili mchana hadi watu wakasimama kando ya magari ya kuzimia moto. Kulikuwa na kabichi zilizoviringishiwa nyama, pierogi, vile visambusa vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, vinavyoelea kwenye siagi na vitunguu, na pipa la bia kwa wanaume. Watoto walikimbizana chini ya meza. Kila aliyepita alimbusu Brielle kichwani, naye akatabasamu mpaka shavu likaanza kumcheza.

Mezani kwao alikaa mzee Chester Wolanski, aliyefanya kazi kiwandani na baba yake Rhonda, na mzee Chester akiwa na bia ya pili husuluhisha mambo ya dunia nzima. Alianza na Tyler. Tatizo ni vidonge, alisema, na madaktari waliovigawa kama peremende. Norma akasema tatizo ni akina baba. Tyler hakulelewa na baba, na mtoto asiye na baba anajilea mwenyewe. Mwingine akataja kiwanda. Mwingine akasema siku hizi majaji wanawabembeleza wahuni. Waliendelea hivyo wakipokezana, kila mmoja na chanzo chake, na wote wakitikisa vichwa kwa huzuni. Rhonda alikuwa akikata kabichi vipande vidogo ambavyo hakuvila.

"Bunduki haikumpiga Brie," mzee Chester alihitimisha. "Tyler ndiye aliyempiga. Ukiwa na moyo mbaya hata kisu kitafanya kazi."

"Mzee Chester," Rhonda akasema, "vidonge ni kweli. Baba ni kweli, kiwanda ni kweli, yote hayo mnayoyasema ni kweli na nimeyaishi. Lakini Tyler angekuja na kisu ingebidi azunguke kaunta. Mikono ile ilikuwa haiwezi kushika hata trei ya chakula. Brie angemwacha palepale akatoka mlango wa nyuma."

"Sasa utazichukua zetu zote kwa sababu ya chizi mmoja?"

"Sijasema nazichukua. Nimesema angezunguka kaunta."

Mzee Chester akampapasa mkono, akamwambia ana uchungu wa mama, na kwamba anamwelewa. Rhonda akauondoa mkono wake. Hakuna kinachochoma kama kueleweka na mtu ambaye hajakusikia.

Akasimama, akasukuma kiti cha Brielle kwenda upande wa zawadi, ili tu awe mbali na ile meza. Bunduki zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa cha kijani, kila moja na namba yake, na mtu wa duka la bunduki akizilinda. Utaratibu ulikuwa wa heshima. Mshindi haondoki na kitu siku hiyo. Anapewa karatasi, anakwenda dukani, jina lake linachunguzwa, ndipo anakabidhiwa. Mtu wa duka alimweleza Rhonda hayo kwa fahari, kwamba wao hufuata sheria mpaka nukta.

Mwisho wa kitambaa, peke yake, ilikuwa bastola ya zamani yenye mpini wa pembe ya kulungu.

Rhonda aliijua kama anavyovijua vijiko vyake. Baba yao, Stanley, aliuchonga ule mpini kwa mkono wake msimu mmoja wa baridi, akaukosea, ukapasuka pembeni, akaujaza ufa kwa gundi nyeusi. Alipokufa bastola ilikwenda kwa Dwight, na Dwight aliapa kaburini kwamba haitatoka kwenye ukoo. Sasa hii hapa, imevalishwa namba.

Alimwita Dwight akamuuliza imekuwaje. Dwight alikuwa amebeba trei ya vikombe, akaiangalia ile trei badala ya kumwangalia dada yake. Alisema alitaka kutoa kitu kinachomuuma. Alisema kutoa kile ambacho hukipendi si kutoa. Halafu akakumbuka kwamba kuna mtu anamwita jikoni, na Rhonda hakusikia mtu yeyote akimwita.

Alipogeuka, Brielle alikuwa mweupe kama karatasi. Vidole vyake vilikuwa vimekamata magurudumu.

"Nitoe hapa, mama."

Rhonda akamsukuma hadi chumba cha makoti, akafunga mlango, akapiga magoti. Alidhani ni maumivu. Alikuwa anatafuta vidonge mkobani Brielle aliposhika mkono wake.

"Ndiyo hiyo," Brielle alisema.

"Hiyo nini?"

"Ile ya babu. Ndiyo aliyokuwa nayo Tyler."

Rhonda akabaki na mkono ndani ya mkoba. Akamuuliza ana uhakika gani, mtu amejifunika uso, mambo yenyewe ya kufumba na kufumbua. Brielle akasema hakutazama uso. Alitazama mpini, ule ufa mweusi. Babu alimfundisha kupiga makopo kwa ile bastola akiwa darasa la tatu, angeisahau vipi.

"Nilicheka, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipoiona nilicheka. Nikadhani mjomba amemtuma mtu aje anitanie. Ningeiogopa vipi, ni ya kwetu. Sikuinua mikono, sikuinama, nilisimama tu nacheka. Na Tyler akadhani namcheka yeye. Ndipo akafyatua."

Nje watu walipiga makofi, maana mtu wa bendi alikuwa ameanza kufunga waya za maikrofoni. Rhonda alimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo, si kwa polisi, si kwake yeye mama yake. Brielle akamtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto.

"Ningesema, nani angenibeba?"

Hapo Rhonda aliinuka. Wanaomjua wanasema wanapomwona ametulia ndipo pa kukimbilia mlangoni. Alimfuta mwanawe uso kwa kiganja, akachukua koti lake na la Brielle, akamsukuma hadi mbele ya jukwaa, akafunga breki za kiti, akapanda ngazi.

Alichomoa tiketi moja baada ya nyingine. Alisoma majina vizuri, kwa sauti ya mtu anayeita watoto kupokea chakula. Walioshinda walinyanyua mikono, wakapongezwa migongoni. Norma alisimama karibu na pipa la tiketi, akilizungusha na kujifuta macho kwa furaha. Zawadi zikaisha ikabaki ile ya mwisho wa kitambaa, na Norma akaisifu kwenye maikrofoni, akasema imetolewa na mtu asiyetaka kutajwa, mtu wa moyo wa dhahabu.

Rhonda akachukua maikrofoni mkononi mwake.

"Mimi nitamtaja," alisema. "Ni kaka yangu, Dwight. Kaka, njoo uwaambie watu bastola hii ilikuwa wapi mwaka jana."

Watu walicheka, wakidhani ni hadithi ya kuwinda. Dwight alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na aproni. Alimwangalia Rhonda, akamwangalia Brielle, akaelewa, na kwa mara ya kwanza Rhonda aliona namna kaka yake atakavyokuwa akizeeka. Tumpe haki yake: hakukimbia. Alisema pale pale alipo, bila maikrofoni, na ukumbi ukanyamaza ili umsikie.

Alisema ilikuwa chini ya kiti cha pikapu. Aliegesha hapa, nje ya ukumbi huu, siku kikosi kilipouza chakula cha samaki, akaingia kukaanga. Alipotoka haikuwepo. Aliripoti siku ya tatu, kwa kuwa aliona aibu. Tyler alipofungwa polisi walimpigia simu, wakamwambia mali yako hii, njoo uichukue. Akaenda akaichukua. Hakuweza kukaa nayo nyumbani, na hakuweza kuitupa mtoni, ni ya baba.

"Nilidhani ikimnunulia Brie gari," alisema, "itakuwa imelipa."

Rhonda alingoja. Alitazama nyuso zile moja moja, watu aliozaliwa nao, aliowalishia watoto, akingoja mmoja tu aseme neno moja la maana. Mzee Chester ndiye aliyeanza. Alisema jamani, kusahau gari ni jambo la mtu yeyote. Mtu mwingine akaitikia kwamba kweli, hata yeye kwa mfano. Norma akashika kiwiko cha Rhonda akamnong'oneza kwamba hii ni siku ya Brielle, tusiiharibu. Mwanamke mmoja alikwenda kumkumbatia Dwight, na Dwight akaanza kulia, na wengine wakamzunguka wakimpapasa, mpaka ukiingia wakati huo ungedhani yeye ndiye aliyepigwa risasi.

"Msimbembeleze mbele ya mtoto wangu," Rhonda alisema. Hakupaza sauti, maikrofoni ilitosha. "Mnatafuta chanzo tangu tulipokaa mezani. Mmekwenda hadi kiwandani, mmekwenda kwa madaktari, mmekwenda kwa baba yake Tyler, mnazunguka nchi nzima. Chanzo kimeegeshwa hapo nje na hakijafungwa. Nataka mtu mmoja aseme atakuwa anafunga gari lake. Sijasema auze kitu, sijasema anyang'anywe kitu. Afunge mlango."

Watu walitazama viatu. Baadhi walikasirika, ilionekana shingoni mwao, kama waliotukanwa kwenye nyumba waliyokuja kutoa msaada. Mwisho Norma, kwa sababu kimya kilimshinda, aliingiza mkono kwenye pipa mwenyewe akachomoa tiketi akaisoma. Gene Fetterhoff.

Gene, yule wa theluji. Alisimama taratibu karibu na meza ya pierogi, kofia mkononi, akamwangalia Rhonda kwa masikitiko ya kweli.

"Rhonda, sijui niseme nini," alisema. Kisha akaongeza, "Lakini bado ni yangu, sivyo? Maana nilikuwa naipenda ya mzee Stanley tangu zamani."

Rhonda aliiweka maikrofoni chini. Pesa angezichukua, na aliwaambia hivyo, akiwa anashuka ngazi: msifikiri nitazikataa ili mlale vizuri, nitazichukua zote, na gari likija litapita mbele ya nyumba zenu kila asubuhi. Alifungua breki za kiti cha Brielle, na watu wakawapisha njia hadi mlangoni.

Nje jua lilikuwa bado kali. Pikapu zilijaa uwanja wote, kila moja na utepe wake wa zambarau kwenye kioo, jina la Brielle, jina la Brielle, jina la Brielle. Rhonda alisukuma kiti kati yao mpaka kwenye pikapu ya Dwight, maana walikuja nayo na hawakuwa na usafiri mwingine wa kurudi. Dwight aliwafuata, aproni bado kiunoni. Alinyoosha mikono kumbeba Brielle, kwa mazoea.

"Usimguse," Rhonda alisema. "Leo namweka mwenyewe. Nipe funguo."

Dwight alijipapasa mfuko huu na ule. Halafu mikono yake ikasimama, na damu ikamkauka usoni.

"Haijafungwa," akasema.

Brielle hakuwa amefumba macho safari hii. Alikuwa akimtazama mjomba wake, wazi kabisa. "Angalia chini ya kiti, mama," alisema.

Rhonda alivuta mlango, ukafunguka bila shida. Akainama, akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa mfuko mpya wa ngozi wenye lebo ya duka, na ndani yake kitu kizito ambacho hakuhitaji kukifungua ili akijue.

"Nimeinunua kwa ajili yenu," Dwight alisema. "Ili nikimbeba mtoto muwe salama."